Buti Lililobaki Tupu

Kiwanda chetu cha viatu siku hizi ni ghala la magodoro. Nikipita pale mlinzi hunitazama kama mzee aliyepotea njia, na mimi sijisumbui kumweleza kwamba hapo alipoweka kiti chake ndipo ilipokuwa meza yangu, na kwamba nilisimama hapo miaka ishirini na sita. Pua yangu bado inatafuta gundi na ngozi. Inakutana na harufu ya sponji mpya, tunarudi nyumbani sote wawili tumenuna.

Nilikuwa mkata ngozi. Watu hudhani ni kazi ya kisu, kumbe ni kazi ya vidole. Unaitandaza ngozi mezani, unaipapasa kote, unatafuta mahali ambapo ng'ombe alichomwa na mwiba au alijikuna ukutani, ndipo unapanga vipande vyako. Anayekurupuka kukata, kovu la ng'ombe linakuja kutokea juu ya kidole gumba cha mteja. Mimi makovu yangu yote yaliishia ndani ya kisigino, ambako hakuna anayechungulia, na hilo nitajisifia mpaka kaburini.

Kutoka kwetu vipande vilikwenda kwa washonaji, wanawake thelathini na kitu katika safu mbili za cherehani, na baina yao na sisi utani haukuisha. Walisema kazi yetu ni kuchana na wao ndio wanaounganisha. Sisi tulisema asiyeaminiwa kisu ndiye hupewa sindano. Saa nne king'ora cha chai kikilia, mashine zilinyamaza zote kwa pamoja, na masikio yalibaki yanavuma dakika nzima. Ukimya ule naukumbuka kuliko mshahara wangu wa kwanza.

Mshonaji hodari kuliko wote tulimwita Chapuchapu. Alikuwa anamaliza jozi tatu wenzake wakiwa kwenye ya pili, na huku anapiga soga na jirani yake. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Wazazi wao walipofariki alihamia kwetu, akapewa chumba cha uani, na kila asubuhi tulitoka pamoja kwenda kazini, yeye mbele, mimi nyuma nikilalamika kwamba anatembea kama anayefukuzwa na mbwa.

Nyumbani kwangu kulikuwa na maradhi mawili. Mke wangu, Mama Pacha, alikuwa na kisukari cha kujidunga sindano. Chapuchapu alikuwa na kifafa tangu darasa la tano. Kisukari kilijulikana mtaa mzima. Jirani akimkaribisha chai aliusogeza mkebe wa sukari mbali bila kuambiwa. Kifafa tulikijua sisi watatu, pamoja na muuza dawa mmoja mjini aliyejua kufunga mdomo. Kiwandani Chapuchapu asingethubutu kukitaja. Kulikuwa na watu wazima na akili zao walioamini kwamba ukigusa povu la mgonjwa wa kifafa nawe umekipata, na msimamizi angemtoa kwenye cherehani siku hiyohiyo. Akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, ugonjwa ulilala, na ungeweza kukaa naye miaka kumi usijue.

Sasa, kadi. Kila mfanyakazi alikatwa kiasi kilekile kwa ajili ya matibabu, akapewa kadi nyeupe ya kumtibu yeye na watu wa nyumbani kwake. Homa, jino, kidole kilichoumwa na mashine, hayo kadi iliyabeba bila maswali. Maradhi ya kudumu, yale unayoishi nayo mpaka unayazoea kama mkwe mkorofi, yaliandikwa nyuma ya kadi, mistari sita, basi. Ugonjwa wako ukiwa humo, dawa unaipokea kwenye dirisha la zahanati ya kiwanda bila kutoa kitu. Usipokuwamo, shauri yako.

Ni yapi yaandikwe? Hapo ndipo tulipojiona wajanja. Uongozi ulisema tuchague wenyewe, nasi tukabuni njia yetu. Kila mwisho wa mwaka, katika ukumbi wa kufungashia, tulipanga juu ya meza mabuti marefu tuliyoyashona kwa mikono yetu, kumi na moja, kila moja limebandikwa karatasi: presha, pumu, kisukari, moyo, selimundu, vidonda vya tumbo, na mengineyo. Kila mfanyakazi alipewa kipete kimoja, kile kiduara cha shaba kinachotiwa kwenye tundu la kamba za kiatu. Unapita mezani, unatumbukiza ngumi katika kila buti mpaka chini, unatoka. Hakuna anayejua umekiachia wapi. Mabuti sita yenye vipete vingi ndiyo yaliyoandikwa kwenye kadi ya mwaka mpya.

Tulicheka sana siku hizo. Mzee Gundi, aliyekuwa akibandika soli na kukohoa tangu kiwanda kinafunguliwa, alisimama kando ya meza akiipigia debe pumu kama mgombea ubunge, na watu walimjibu kwamba watampa kura akiacha sigara kwanza. Wanawake walikuja wamependeza. Tuliamini hakuna haki kubwa kuliko ile: mtu mmoja, kipete kimoja. Nami niliamini, na bado moyo unanilainika nikikumbuka foleni ile ndefu ya watu ninaowapenda, kila mmoja na ngumi yake imefumbwa.

Presha haikukosa kamwe. Kisukari kilikuwa kinapita kwa jasho; mwaka mmoja kilishika nafasi ya sita kwa tofauti ya vipete vinne tu, na Mama Pacha alikataa chakula mpaka nilipomletea kadi mpya akaisoma nyuma kwa macho yake. Kifafa hakikuwahi kuandikwa hata mara moja.

Chapuchapu hakulalamika. Vidonge vyake alijinunulia. Lakini mwaka ninaousimulia vilipanda bei, naye akaanza kukigawa kila kimoja kwa wembe, nusu asubuhi, nusu jioni, bila kutuambia. Tulikuja kujua Jumapili moja mchana. Alikuwa jikoni anaepua sufuria. Nilisikia kishindo, na nilipofika nikamkuta chini, mwili umekakamaa na kutetemeka, mkono wa kulia umelowa maji ya moto yaliyomwagika. Mama Pacha alikuwa ameshapiga magoti, amemlaza ubavu, amemwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Alikuwa akimwambia taratibu, "Nipo, mdogo wangu. Nipo hapa." Mkono uliungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Kiwandani alisema ni mafuta ya kukaangia.

"Kikikukutia kwenye cherehani je?" Mama Pacha alimwuliza siku chache baadaye akimfunga bandeji. "Sindano ile inapenya ngozi ya ng'ombe. Kidole chako ni nini?"

"Hakitanikutia huko, dada."

"Mmekubaliana?"

Chapuchapu alicheka. Mimi sikucheka. Uchaguzi ulikuwa baada ya wiki tatu, na mwaka huo nilikuwa mmoja wa wahesabuji wawili. Niliapa moyoni kwamba kipete changu kitaingia kwenye buti la kifafa, liwalo na liwe.

Siku ilipofika nilisimama kwenye foleni kama wengine. Kisukari kilikuwa buti la tatu, kifafa la nane. Nilipotumbukiza ngumi katika la tatu, nikavikumbuka vile vipete vinne. Nikamwona mke wangu amekaa na sahani yake mbele, haigusi. Vidole vikafunguka vyenyewe. Naandika "vyenyewe" kwa sababu naona haya kuandika kwamba nilivifungua mimi. Mabuti yaliyobaki niliyaingizia mkono mtupu, uso mkavu, nikijiambia kwamba hakuna neno, Chapuchapu atajiwekea mwenyewe, na wenye huruma hawakosekani katika watu mia nne.

Tulihesabu mchana uleule, mimi na dereva wa lori, tukimimina vipete kwenye sinia. Kisukari kilikuwa cha pili, na vipete zaidi ya themanini. Changu hakikuwa na kazi pale hata kidogo. Tukafika la nane. Dereva aliligeuza juu chini, akalitikisa. Mimi nikalichukua nikaingiza mkono mpaka kwenye vidole vya buti, nikapapasa kama ninavyopapasa ngozi. Hapakuwa na kitu.

"Afadhali," dereva alisema, akitazama pembeni. "Maana yake hatuna mgonjwa."

Na sheria yetu ilikuwa kwamba buti likikosa hata kipete kimoja, mwaka unaofuata haliwekwi mezani. Kifafa kilikuwa kinatoka kabisa, hata kwenye kugombea.

Jioni tuliporudi nyumbani, kwa mara ya kwanza Chapuchapu alitembea kando yangu na si mbele.

"Shemeji," nikamwuliza, "kipete chako ulikitia wapi?"

"Cha kwako je?"

Tulipofika mlangoni nikasema buti la kifafa limetoka tupu. Mama Pacha alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, na hakuhitaji kuuliza mara mbili.

"Mmeniwekea mimi," alisema.

"Kimoja changu kingefanya nini kule, dada?" Chapuchapu alisema. "Kisingefua dafu. Kwako angalau kingesaidia."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Mama Pacha alikuwa mtu wa kicheko, hata ugomvi wake ulianza kwa kicheko. Siku hiyo hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akafunika macho kwa kiganja, akasema, "Mmenifanya mwizi ndani ya nyumba yangu. Mtoto huyu anakatwa mshahara sawasawa na wewe, Baba Pacha, sawasawa na Mzee Gundi, halafu anakata vidonge kwa wembe. Mimi nisiyefanya kazi hata siku moja kwenye kiwanda hicho ndiye ninayedunga sindano za bure. Ugonjwa tangu lini ukaombewa kura? Yapi yaandikwe! Yaandikwe yote."

"Chungu cha makato yetu hakitatosha," nikasema.

"Basi tule kidogokidogo sote. Kasemeni hivyo."

Matokeo yalisomwa wiki iliyofuata, ukumbi umejaa, watu wamekaa juu ya makasha ya viatu. Karani wa kadi alisoma majina ya maradhi sita, watu wakapiga makofi, kisha kwa desturi yetu akamwita mhesabuji athibitishe kwamba kura zimehesabiwa kwa haki. Nikasimama.

"Zimehesabiwa sawasawa," nikasema. "Haki sijui."

Nikawaambia kwamba buti moja lilikuwa tupu, na kwamba mimi ni mmoja wa waliolifanya tupu, maana nina mgonjwa wa kifafa nyumbani kwangu na sikumwekea. Jina sikulitaja. Tulikuwa tumekubaliana nisilitaje.

"Sasa, fundi," Mzee Gundi akasema kutoka nyuma, "kama mgonjwa wako mwenyewe humpi kura, sisi tumpe kwa lipi?"

Watu walicheka, na kusema kweli lilikuwa jibu zuri. Kicheko hakijaisha, Chapuchapu akasimama kati ya washonaji. Alikuwa anaifungua bandeji.

"Mgonjwa ni mimi," alisema. "Na haya si mafuta. Nilianguka jikoni kwa sababu nilikuwa nakula nusu kidonge. Mnanijua. Viatu mlivyovaa, nusu yake nimevishona mimi."

Aliyekuwa amekaa karibu naye alisogea, kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja. Nilikiona kiganja kile cha nafasi. Nilikuwa nataka kufoka, lakini dereva wa lori alitangulia. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Binti yangu wa pili," alisema. "Ana miaka tisa. Hatumpeleki shule."

Kisha mwanamke wa kufungasha akasema mumewe. Kisha fundi wa umeme, mama yake. Mmoja mmoja, wengine bila kusimama, wakitazama sakafu. Nilizoea kuhesabu, nikahesabu: kumi na saba. Kumi na saba, na buti lilikuwa tupu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake, akaona kipete chake kitapotea bure, akakipeleka kwenye presha ya mama mkwe.

Nikasema maneno ya Mama Pacha, kama alivyoyasema, isipokuwa lile la mwizi. Tuyatoe mabuti mezani. Yaandikwe yote. Karani wa kadi, ambaye alikuwa mtu mkweli, alifikiri, akasema inawezekana, lakini kwa chungu kilekile kadi itabeba robo tatu ya kila dawa ya kudumu, na robo iliyobaki atajibebea mgonjwa. Waliokuwa wanapata zote watapungukiwa. Waliokuwa hawapati kitu watapata.

"Pumu yangu haikuiba kura," Mzee Gundi alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Nimekohoa kwenye gundi ya kiwanda hiki miaka ishirini. Mkininyima robo ya pumzi, nani atanirudishia?"

Na nitasema jambo linaloniudhi mpaka leo. Mameneja walikuwa na kadi za kijani, na kadi ya kijani nyuma haikuandikwa kitu, kwa kuwa ilibeba yote. Kila mtu aliwahi kuiona. Siku ile, katika watu mia nne, hakuna aliyeuliza habari yake, hata mimi. Tulikuwa tumeshughulika kunyang'anyana wenyewe kwa wenyewe.

Msimamizi akasema tumalize. Wanaotaka mabuti yabaki wasimame upande wa meza, wanaotaka yote yaandikwe waende upande wa dirishani. Hapo Chapuchapu akatoka nje. Wanawake wawili walizikusanya sketi zao apite, na nikajua ni aibu imemtoa. Nikatamani kumfuata, lakini nilikuwa na kura.

Kutoka mezani hadi dirishani hapafiki hatua ishirini. Nilifikiria vichupa vya mke wangu, tulivyovihifadhi ndani ya mtungi wa maji visipate joto, jinsi alivyokuwa akivitoa na kuvifuta kwa pindo la kanga. Nikaenda dirishani. Tulishinda kwa watu kumi na mmoja.

Msimamizi alijaribu kumhamishia Chapuchapu kwenye kufagia, kwa usalama wake, alisema. Washonaji wakazima mashine zote saa tatu asubuhi, wakakaa, na wa kwanza kuzima alikuwa yule aliyesogea upana wa kiganja. Kufika king'ora cha chai Chapuchapu alikuwa amerudishwa kwenye cherehani yake. Alimeza vidonge vizima kuanzia mwaka ule, na hakuanguka tena mpaka kiwanda kilipofungwa. Binti wa dereva alikwenda shule. Siku hizi ni mwalimu.

Robo ya Mama Pacha tuliibeba. Miezi mingi tuliibeba. Miezi mingine, pacha wetu walipokuwa sekondari, nilimwuliza kama dawa ipo akasema ipo, na ilikuwa kweli, ipo kwenye mtungi. Sikujiuliza kwa nini kichupa kinadumu muda mrefu kuliko zamani. Mtu anayejua kusoma ngozi ya ng'ombe kwa vidole, na hakusoma hilo. Miguu ilianza, kisha figo. Alifariki mwaka wa tisa baada ya kura ile. Daktari mmoja aliniambia ingekuwa vilevile hata kwa dawa kamili. Mwingine hakusema hivyo. Niliacha kuwauliza madaktari.

Chapuchapu yuko bado chumba cha uani. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu, na bado anatembea mbele. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula cha mchana, tunawasema watu wa magodoro, jinsi walivyopaka rangi ukumbi wa kufungashia. Akanigeukia.

"Shemeji, unajua kwa nini nilitoka nje siku ile?"

"Wale waliokusanya sketi."

"Sketi," alisema, kama anaonja neno. "Nani alijali sketi? Ningebaki ndani, ningesimama upande wa meza. Kwa ajili ya dada. Nilitoka ili nisikuharibie."

Alikishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Nikaona amelibeba hilo miaka yote, akidhani hakuna aliyejua.

"Dada yako alijua," nikamwambia. "Asubuhi ile, wakati wewe unafunga viatu, alinishika mkono pale mlangoni. Alisema, yule mtoto hatajipigia kura hata mkimfungia humo ndani. Mpigie wewe. Na ukirudi, usimwambie kwamba nimekutuma."

Chapuchapu aliweka kikombe chini. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, mlango wa barabarani ukiwa wazi na watu wanapita, nami sikumwambia anyamaze.